Habari ya Kujenga Nyumba Yetu Wenyewe

Katika nyumba za walimu na wahudumu kuna swali moja ambalo huulizwa usiku, watoto wakiisha kulala, nalo huulizwa kwa sauti ndogo: siku tutakapoiacha kazi tutakwenda kukaa wapi? Twakaa katika nyumba ya kazi miaka ishirini au thelathini, twaipaka chokaa, twapanda miembe mbele ya baraza, watoto wazaliwa humo na kupaita kwetu. Lakini si kwetu. Mwaka 2013 mwalimu mwenzetu alifariki, na matanga yalipokwisha mjane wake alipewa miezi mitatu ahame, maana mwalimu mpya alikuwa njiani na watu wake. Hatusemi kwamba alidhulumiwa. Ndiyo desturi ya nyumba za kazi. Lakini tulipokwisha kumsaidia kupakia vitanda garini, na watoto wanne juu ya vitanda, tulirudi nyumbani wala chakula cha jioni hakikulika. Usiku ule mama watoto alisema neno moja tu: “Baba watoto, tuanze, hata kwa matofali kumi.”

Basi tulianza. Haya tuandikayo ni habari ya makosa yetu zaidi kuliko ya uhodari wetu, kwa kuwa wengi wametuuliza, na wengine tumewaona wakishika njia ile ile tuliyopotelea sisi.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 tulipata kiwanja chini ya milima ya Usambara, upande wa Muheza. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko viwanja vya jirani, nasi tukafurahi. Ilitupasa kuuliza kwa nini ni nafuu. Mahali penyewe pana mteremko kidogo, ila upande wa chini pamesawazika kama uwanja wa mpira, na huo usawa ndio uliotuvuta macho. Mzee mmoja jirani alikuja kututazama tulipokuwa tukipima, akaegemea fimbo yake, akasema, “Hapo zamani sisi tulichimba udongo wa tofali.” Tukamwitikia kwa adabu, “Ndiyo, mzee,” tukaendelea kuvuta kamba. Aliyetuuzia tulipomwuliza alicheka, akasema ni maneno ya wazee.

Kwa habari ya karatasi tulikuwa waangalifu kuliko kwa habari ya udongo. Mapatano yaliandikwa mbele ya halmashauri ya kijiji, na baadaye tukaomba hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, majina yetu wawili, mume na mke, yakiwamo. Waume wengine husitasita hapo. Na wamkumbuke yule mjane na vitanda vyake.

Sasa twaja kwenye hesabu. Mfano wa mtu aliyeanza mnara pasipo kukaa kwanza na kuhesabu tulikuwa tumeufundisha darasani mara nyingi, tukidhani wawahusu watu wengine. Nyumba tuliyoichora ni ya mita 9 kwa 7. Kuta za nje ni mita 32, na za ndani mita 16. Jumla mita 48. Ukiziinua mita 3 wapata mita za mraba 144, na ukitoa milango na madirisha zabaki kama 126. Kila mita ya mraba yahitaji matofali ya saruji kama 10. Basi ni matofali 1,260, pasipo kuhesabu yatakayovunjika. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali kama 30 ya kutumainiwa, yale ya upana wa inchi 6. (Wako wafyatuao 45 kwa mfuko, nayo ukiyaangusha kutoka magotini yarudi kuwa mchanga.) Kwa hiyo mifuko 42. Tukaandika hesabu hiyo katika daftari, tukaona kwamba kwa akiba ya miaka miwili twaweza, tukamshukuru Mungu, tukafunga daftari.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulihesabu kile kionekanacho na mtu apitaye njiani. Sakafu peke yake, mita za mraba 63 kwa unene wa sentimita 8, ni zege la mita za ujazo 5. Na zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto hula mifuko 6 hivi kwa kila mita ya ujazo. Ni mifuko 30 ambayo hatukuiandika popote. Zege la chini ya msingi hatukuliandika, wala saruji ya kuungia matofali, wala linta na nondo zake, wala lipu, wala kenchi, mabati, milango, vitasa. Hata maji hatukuyaandika, nasi tuliyanunua kwa madumu kutoka bondeni. Mwenye kutaka kujenga na aandike kila kitu tangu shimo la msingi hata kitasa cha mwisho, kisha aende dukani mwenyewe kuuliza bei za wiki ile, kisha aongeze juu yake sehemu moja katika kumi kwa mambo asiyoyajua. Sisi mambo tusiyoyajua yalikuwa chini ya miguu yetu.

Mtaro wa msingi ulichimbwa nusu mita kwenda chini, sawasawa pande zote, nao ulipendeza kutazama. Upande wa juu wa kiwanja jembe lililia kwa ugumu. Upande wa chini lilizama kama katika shamba la mihogo. Fundi alifurahi kwa wepesi wa kazi, nasi pia. Mwaka 2015 kuta zilifika kwenye linta. Chumba kimoja cha pembeni tulikiezeka kwanza ili kuwekea saruji, na mwanetu wa kwanza, ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, akawa akilala humo kulinda vitu.

Masika ya mwaka 2016 yalikuja. Asubuhi moja mwanetu alikuja nyumbani kabla ya jua, akasema, “Baba, ukuta umelia usiku.” Tulikwenda naye. Kutoka pembe ya dirisha ulishuka ufa kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali mpaka chini, na kidole kiliingia. Kitanda chake kilikuwa chini ya ufa ule. Tulisimama pale kitambo wala hatukuweza kusema neno, si kwa ajili ya saruji.

Tulimwendea yule mzee jirani, safari hii kwa kuuliza. Alikuja na fimbo yake, akatuonyesha mpaka wa shimo la zamani hatua kwa hatua, kana kwamba alilichimba jana. Lilikuwa limefukiwa kwa takataka, majivu na udongo uliolegea, na pembe ya nyumba yetu ilikaa juu yake. Udongo wa kujazwa, mvua ikiingia, hushuka. Na upande ulio juu ya ardhi ngumu haushuki. Basi ukuta hauna budi kupasuka katikati yao. Ndivyo ilivyo pia kwa udongo mweusi wa mbugani, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ukiinua nyumba na kuishusha kila mwaka.

Kwa sababu hiyo twawasihi wasomaji: kabla ya kununua, chimbeni mashimo manne pembeni na moja katikati, kimo cha mtu, mtazame rangi na ugumu wa udongo. Njooni siku ya mvua kubwa mwone maji yapita wapi. Kaeni mbali na mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka mita 60 kutoka ukingoni, nayo si sheria ya kuonea watu. Waliojenga katika bonde la Msimbazi pale Dar es Salaam waliona mvua ya Desemba 2011, watu wakafa, na waliosalia wengi wakahamishiwa Mabwepande kuanza upya. Tena waulizeni wazee, mngojee jibu.

Tulishauriwa na watu wengi kuziba ufa kwa saruji na kupiga lipu. Mama watoto alikataa. Alisema nyumba aliyoiomba ni ya kulala watoto, si ya kutazamwa. Basi tulibomoa kuta mbili za pembe ile, zaidi ya matofali mia tatu, tukayasugua moja moja. Yaliyopona yalikuwa nusu. Tulichimba hata tukafika ardhi ngumu, karibu mita 2 chini, tukamwaga zege lenye nondo, tukapandisha msingi kwa mawe. Kazi hiyo ilikula mwaka mzima wa 2017 na fedha yote iliyokuwa ya mabati.

Kwa mafundi tutasema machache. Fundi wa kwanza alipokea nusu ya ujira kabla ya kazi, akaenda msiba asirudi. Wa pili tulimlipa kwa hatua: msingi ukiisha, kuta zikiisha, linta ikiisha, kila hatua imeandikwa na kutiwa sahihi. Tulijifunza na kupima wenyewe: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na kati ya ncha zake futi 5, ndipo pembe ni mraba, na mpira mwangavu uliojazwa maji huonyesha usawa wa pembe mbili zilizo mbali. Zege likiisha kumwagwa watoto walilinywesha maji asubuhi na jioni siku saba, maana likikaushwa upesi na jua hubaki dhaifu.

Tena tulijifunza kusimamisha kazi mahali panapoweza kungoja. Ukuta usio na linta wala paa ni chakula cha mvua. Msingi uliokwisha kujazwa na kufunikwa waweza kungoja hata miaka. Tangu hapo hatukuanza hatua yoyote kama fedha ya kuimaliza haikuwa mkononi.

Mabati yalipanda mwaka 2020. Tulichukua geji 28, ambayo ni nene kuliko 30 ingawa namba yake ni ndogo, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Mifereji ya paa tuliiweka siku ile ile, wala hatukuiahirisha kama wengi wafanyavyo. Paa la mita za mraba 80 likinyeshewa milimita 50 hukusanya lita 4,000, na maji hayo yasipopewa njia huchimba msingi usiku kucha. Sasa yaingia katika tangi, na wanawake wa jirani huja kuteka.

Leo mama yetu mzazi anakaa humo. Sisi bado tuko katika nyumba ya kazi. Dari haijawekwa, na jiko ni la makuti. Mzee jirani huja jioni kuketi barazani, na mwezi uliopita tulipomwonyesha mahali tulipopakusudia kuchimba choo, alitikisa kichwa, akatuonyesha pengine kwa fimbo. Mashimo ya kupima tumekwisha kuyachimba hapo aliposema.