Mota ya rola za breki ikiungua, usikimbilie kuisuka

Lori lililosheheni shaba ya Zambia au Kongo likianza kushuka mlima Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, dereva anategemea breki na gia ndogo tu. Kwa hiyo breki za magari mazito hupimwa kwa mashine ya rola. Magurudumu ya ekseli moja hukaa juu ya jozi mbili za rola, kila jozi ikizungushwa na mota yake kwa mwendo wa kilomita 2 hadi 3 kwa saa. Dereva akikanyaga breki, kihisi hupima nguvu inayozuia rola. Mota moja ikifa kipimo hakipo tena, maana lazima kushoto kulinganishwe na kulia.

Kinachofuata tunakijua: mota inang'olewa na kupelekwa Mwanjelwa, Mbeya, au Ipogolo, Iringa, kusukwa. Fundi anaisuka vizuri, inafungwa, na haichukui muda inaungua tena. Lawama zinamwangukia msukaji. Mimi namtetea, kwa sababu mara nyingi aliyeipeleka hakuuliza kilichoiua.

Kabla koili hazijakatwa, zitazame. Zikiwa zote nyeusi sawasawa, mota ilizidiwa mzigo au iliwashwa na kuzimwa mfululizo. Kila inapoanza huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida, na mashine ya rola huwaka na kuzima kutwa nzima. Lakini ukikuta koili za fezi moja zimeungua na mbili ni safi, kwa mota iliyofungwa delta, au mbili zimeungua na moja ni safi, kwa iliyofungwa nyota, ujue fezi moja ilikatika na mota ikaendelea kuhangaika na zilizobaki. Hapo ugonjwa uko kwenye paneli: fyuzi, waya uliolegea, au kontakta ambayo ncha zake zimelika. Uliza pia kwa nini rilei ya kuzuia mzigo kupita kiasi haikukata. Mara nyingi utakuta mtu aliipandisha kupita ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, eti inasumbua.

Koili iliyotoboka mahali pamoja tu inakuelekeza kwenye unyevu. Rola zinakaa shimoni, na kuanzia Novemba hadi Aprili matairi yanaingia na maji na tope.

Kuna kisingizio kimoja cha huku kwetu: hewa nyepesi ya milimani. Ni kweli kwamba mota za kawaida hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi. Ila makadirio hayohayo yanachukulia joto la hewa la nyuzi 40. Baridi yetu inafidia upungufu huo na kubakisha. Afadhali upime volti za fezi zote tatu mota ikiwa kazini, kwani zikipishana kwa asilimia 3 tu, ongezeko la joto ndani ya koili hupanda kwa karibu asilimia 18.

Kwenye kusuka kwenyewe nina ombi moja: koili za zamani zisichomwe kwa moto wa wazi. Moto huo huharibu utando unaotenganisha mabati ya stata, na mota itapata joto hata bila mzigo. Vanishi ikishakauka, pima insulesheni ya koili kwa mega ya volti 500. Ikisoma chini ya megaohm 1, usiiwashe.

Ikirudi shimoni, hakikisha inazunguka upande sahihi. Ikienda kinyume, badilisha nyaya mbili kati ya tatu. Kwenye mashine nyingi mota na giaboksi huning'inia zikiegemea kihisi, kwa hiyo mota mbadala yenye uzito tofauti huhamisha sifuri. Rekebisha sifuri hiyo, kisha thibitisha usomaji kwa mkono wa kupimia na mawe ya uzito yanayojulikana. Usipofanya hivyo, magari yatakayopita yote yataonekana kuwa na breki dhaifu upande uleule, na madereva watatumwa kubadilisha viatu vya breki ambavyo bado vizima.