Mvuke wa Olkaria: joto ni la bure, kisima ni cha ghali

Wapo wafanyabiashara wanaoamini kuwa umeme wa mvuke wa ardhini huleta faida ya haraka kwa kuwa nishati yake hainunuliwi. Historia ya Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, inaonyesha vinginevyo.

Katika Bonde la Ufa, miamba ya moto iko karibu na uso wa ardhi. Maji yaliyomo chini hupata joto kali, na kisima chenye kina cha kilometa 2 hadi 3 huleta juu mvuke unaozungusha mitambo. Hakuna meli ya mafuta ya kusubiriwa, wala ukame hausimamishi kazi kama kwenye mabwawa.

Gharama iko kwenye uchimbaji. Kisima kimoja hula mamilioni ya dola, na fedha hizo hutumika kabla haijajulikana kama mvuke utatosha. Visima viwili vilivyochimbwa kuanzia mwaka 1956 havikufanikiwa. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Ili kubeba hatari hiyo, mwaka 2008 serikali iliunda kampuni ya umma ya GDC.

Wenye mitaji midogo walipata nafasi mwaka 2006, serikali ilipouza asilimia 30 ya hisa za KenGen, mwendeshaji mkuu wa Olkaria, kwa shilingi 11.90 za Kenya kila moja. Zilipoingia sokoni Nairobi, bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Waliouza mapema walivuna. Waliobaki nazo walikuja kuona bei ikishuka chini ya ile waliyonunulia, ingawa megawati zilikuwa zikiongezeka. Upanuzi uliendeshwa kwa mikopo mikubwa, bei ya umeme husimamiwa na mdhibiti, na mwaka 2016 wanahisa waliombwa kuongeza mtaji.

Joto lenyewe nalo lina soko. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilikodi kisima na kupasha joto vitalu nyumba vya waridi usiku, hivyo kupunguza unyevu unaoleta ukungu. Huko Eburru, wakulima walikausha pareto kwa mvuke.

Basi, anayetaka hisa za mvuke asiishie kuuliza megawati ngapi zimeongezwa. Aulize pia deni ni kiasi gani, litalipwa lini, na umeme unauzwa kwa bei gani.