Fomu, Namba na Fedha ya Mchimbaji

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, mkoani Geita, aliyekwisha kutoa mbale (mawe yenye dhahabu) katika duara (shimo la mgodi), akazisaga kwa karasha hata akaipata dhahabu yake, hana budi kuipeleka kwenye soko la madini au kituo cha ununuzi wa madini, na soko la Geita, lililofunguliwa mwezi Machi 2019, ndilo lililoyatangulia masoko mengine ya nchi. Na huko serikali kwa kawaida hudai mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Fedha hizo hakabidhiwi karani. Tangu mwaka 2017, kwa mfumo wa serikali uitwao GePG, mlipaji hupewa kontrol namba yenye tarakimu 12, akailipia benki, kwa wakala au kwa simu yake.

Nyuma ya namba hiyo ipo kazi asiyoiona. Namba huombwa kwa fomu ya mtandaoni ya taasisi inayodai malipo, nayo hutengenezwa kwa kadiri ya haja: kwa mfano, mwombaji wa leseni akiwa ni kikundi, yatokee maswali ya kikundi, akichagua dhahabu, yajifiche yale ya almasi. Lango la malipo, yaani GePG, halina habari na hayo. Lataka jina la mlipaji, kiasi, sababu ya malipo, siku ya ankara kuisha muda, na namba ya ankara isiyofanana na nyingine. Ustadi wa fundi umo katika kuyachuja hayo machache kutoka katika yale mengi, nami nathubutu kusema kwamba makosa aghalabu hutoka kwenye fomu, ilhali lawama huipata benki.

Kosa lililo baya zaidi ni kukiweka kiasi mahali ambapo mjanja aweza kukibadili kabla ya kukituma. Hesabu haina budi kufanywa kwenye kompyuta ya taasisi yenyewe. La pili ni kuuamini ukurasa unaomwandikia mlipaji “asante”, kwani ithibati ya malipo ni ujumbe ambao lango huupeleka moja kwa moja kwa taasisi ukiwa na saini ya kidijitali, kama hundi isivyopokewa bila ya sahihi ya mwenyewe. Ujumbe huo huweza kurudiwa, na fomu isiyoutambua kuwa ni uleule humhesabia mtu mara mbili. Ndiyo sababu kila siku ankara hulinganishwa na orodha ya fedha zilizopokewa.

Kisha kuna mambo ya watu, na haya mafundi wa mjini huyasahau. Mchimbaji wa Bukombe, mtandao ukimsumbua, hubonyeza tena kwa kudhani ombi lake halikufika: fomu njema humrudishia namba ileile, fomu mbaya humpa mbili, naye asijue alipie ipi. Mwingine hujaziwa fomu na kijana wa steshenari pale Kahama, ambaye kwa haraka huandika simu yake mwenyewe, basi taarifa ya malipo ikaenda kwake, mwenye leseni asiipate kamwe. Dawa yake ni swali moja la ziada, la simu ya mwenye mali kando ya simu ya anayemjazia, na kuliongeza hakuhitaji idhini ya benki yoyote.