BETRI IKIFA, NANI ALIPE?



Tunajua wengi wenu mkisikia neno droni mnafikiri ni jambo la wanajeshi, au la matajiri wanaopigwa picha za harusi kutoka angani. Sisi pia tulifikiri hivyo mpaka kiangazi cha mwaka 2025, kijana mmoja alipotujia jioni hapa Gudele na karatasi ya mshahara mkononi. Katika karatasi ile palikuwa na mstari ambao hatukuwahi kuuona katika miaka yetu yote ya kazi ya chama: "Makato, betri tatu." Baada ya makato hayo, mshahara wa mwezi mzima ulikuwa umebaki nauli na unga. Na chini yake mwandishi wa mishahara alikuwa ameandika kwa kalamu kwamba mwezi ujao makato yataendelea.

Kwa wasioijua, Gudele ni mtaa mkubwa upande wa magharibi wa mji wa Juba, ukishapita Munuki. Tunaishi pamoja, wenyeji wa hapa na sisi tuliotoka Kenya, Uganda na Kongo: mafundi ujenzi, madereva, wauza maji, walinzi. Usiku utasikia jenereta, na mchana ukitazama juu ya mabati utaona paneli za jua. Mtu wa Gudele anaishi kwa betri: ya simu, ya taa, ya redio, ya tochi. Kwa hiyo tulidhani betri tunazijua. Kumbe tulikuwa tunajua za zamani tu.

Kijana huyo alikuwa msaidizi katika kazi ya upimaji. Mwajiri wake alipewa kandarasi ya kupiga picha za barabara na mitaro kwa droni. Rubani alikuwa mtu mwingine, naye hakukatwa hata senti. Kazi ya kijana ilikuwa kubeba masanduku, kutandika ubao wa kutua, kuchomoa betri iliyokwisha, kuweka nyingine, na kuchaji ile ya kwanza kwa jenereta ndogo iliyofungwa nyuma ya pikapu. Walikuwa na betri sita na waliruka mara ishirini kwa siku. Betri ilikuwa ikitoka angani ina moto wa kuchoma kiganja, inaingia kwenye chaja papo hapo, na ikijaa tu inarudi angani. Sanduku lilikaa juani kwa sababu kivuli pekee kilikuwa ndani ya gari, na ndani ya gari alikuwa amekaa bwana meneja.

Mkumbuke hicho kilikuwa kiangazi cha namna gani. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Sudani Kusini ilifunga shule zote kwa wiki mbili kwa sababu ya joto, baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Mwaka uliotangulia, Machi 2024, shule zilifungwa vilevile kwa kuwa ilitazamiwa joto lingefika nyuzi 45. Watoto walirudishwa nyumbani. Kijana wetu na sanduku lake walibaki barabarani tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Baada ya majuma machache betri tatu zilivimba kama maandazi, na meneja akamwambia: "Wewe umeziua, utazilipa."

Kabla ya kwenda kwa meneja tulikubaliana kwamba hatuwezi kubishana juu ya kitu tusichokijua. Tulimwendea fundi mmoja wa simu na sola pale sokoni Gudele, tukakaa naye chini ya rakuba yake alasiri nzima. Tunawaandikia yale tuliyojifunza, maana yatawafaa hata ninyi ambao hamjawahi kuiona droni.

Betri ya lori ni ya risasi na asidi. Kila utingo anajua sheria yake: usiiache tupu, iweke imejaa, itakaa. Betri ya droni, sawa na ya simu, ni ya lithiamu, na sheria yake ni nyingine. Hii haipendi kujaa wala haipendi kuisha. Seli moja ikijaa inafika volti 4.2. Ikishuka chini ya volti 3 imeumia na huenda isipone. Ikiwa haitatumika kwa siku kadhaa iwekwe nusu, kama volti 3.8 kwa kila seli, mahali penye baridi kidogo. Kijana wetu alikuwa amelelewa gereji. Kila Jumamosi alizijaza zote sita mpaka pomoni na kuzifungia katika kontena la mabati hadi Jumatatu, akiamini anafanya uaminifu. Mwajiri hakumfundisha kitu. Kuna na wale wa redio za zamani wanaosema betri sharti uimalize kabisa kabla ya kuichaji. Hilo nalo liachwe. Lilikuwa la betri za aina nyingine.

Adui wa kwanza ni joto. Ndani ya seli mna maji ya dawa yanayopitisha umeme, na joto huyafanya yaoze upesi na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, ndipo betri inavimba. Mafundi wana kipimo cha jumla kwamba joto likipanda nyuzi 10, kuchakaa kunakaribia kuwa maradufu. Betri inayokaa nyuzi 45 haifanani na dada yake aliyekaa nyuzi 25, hata kama zilinunuliwa siku moja. Tena kuichaji ikiwa na moto ni kuipiga mara mbili, kwa sababu kuchaji kwenyewe kunaongeza joto. Iachwe kivulini mpaka ukiishika huhisi tena moto, ndipo uichomeke. Wengine huitia kwenye friji au juu ya barafu ili ipoe haraka. Msifanye hivyo, kwa sababu umande utaingia kwenye vyuma vyake. Kivuli na upepo vinatosha, ila vinataka muda, na muda ndio ambao meneja hapendi kuutoa.

Adui wa pili ni kazi nzito. Droni ikibeba mzigo mkubwa au ikipambana na upepo, injini zake zinanyonya umeme kwa nguvu, na betri inachemka kutoka ndani. Ikirushwa mpaka tone la mwisho, inachemka zaidi. Rubani mwenye busara hutua ikiwa bado ina robo au zaidi. Rubani wa kandarasi ile alikuwa akitua taa nyekundu zikiwaka, maana alilipwa kwa eneo alilolipiga picha. Hapo tukaelewa ni nani hasa aliyeua betri. Jenereta nayo ina makosa yake: iwashwe kwanza, itulie, ndipo chaja ichomekwe, na isiachwe ikazimika yenyewe kwa kukosa mafuta.

Wengine watasema betri ni mali ya tajiri, ikifa ni hasara yake. Ndugu, betri hizi zikiharibika huweza kuwaka, na anayekuwa karibu nazo ni mfanyakazi. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS iliyobeba betri nyingi za lithiamu ilishika moto baada ya kuondoka Dubai, na marubani wake wawili wakafa. Tarehe 24 Juni 2024, kiwanda cha betri za lithiamu cha Aricell, mjini Hwaseong, Korea Kusini, kiliungua na kuua wafanyakazi 23, wengi wao wageni waliokwenda kutafuta riziki kama sisi tulivyokuja hapa. Kwa hiyo betri iliyovimba haichajiwi, haitobolewi ili "gesi itoke", wala haitupwi kwenye pipa la takataka. Huwekwa peke yake nje, mbali na mafuta na nyasi, katika debe la mchanga. Ikianza kufuka moshi ondokeni, moshi wake ni sumu. Kijana wetu alikuwa amezipanda zile tatu garini, chini ya kiti chake, na galoni ya petroli ya jenereta kando.

Na kazi hii inaweza kufanywa vizuri katika Afrika hii hii yetu. Huko Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege ndogo za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini. Ndege ikirudi kituoni, betri hutolewa na kuwekwa kwenye chaja ndani ya jengo, na ndege huondoka na betri nyingine. Mwaka 2018 kule Mwanza droni ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi. Juu ya maji hapana pa kutua ukasubiri, basi betri isiyoaminika haiwezi kupelekwa safari ile.

Ninyi wa mashamba tunawaambia hili linakuja kwenu, na kwingine limeshafika. Droni za kunyunyiza dawa hubeba mzigo mzito, huruka dakika chache tu na kutua, betri hubadilishwa na kuchajiwa upesi pembezoni mwa shamba, siku nzima. Ni ile ile kazi ya moto juu ya moto. Mtu aliyekuwa akibeba bomba mgongoni ataambiwa sasa wewe ni mtu wa betri, na hataongezewa mshahara. Siku ya kukubali kazi hiyo ndiyo siku ya kuuliza: kivuli kiko wapi, betri za akiba ni ngapi, nani atatufundisha, na zikifa nani atalipa?

Sasa turudi kwa meneja. Tulikwenda watu watatu pamoja na kijana. Ndugu yetu mmoja anayefuga kuku alileta kipimajoto cha bandani kwake. Saa nane mchana tulikiweka ndani ya sanduku la betri pale nyuma ya pikapu, tukanywa chai, tukarudi. Kilisoma nyuzi 58. Kisha katibu wetu alitoa karatasi ya maelezo iliyokuja na betri, ambayo ilikuwa bado imo kwenye boksi lake, haijakunjuliwa. Iliandikwa kwamba betri ichajiwe katika joto la nyuzi 5 hadi 40.

Meneja akasema, "Betri moja ina bei kuliko mshahara wake."

Tukamjibu, "Ndiyo sababu tunashangaa uliiweka juani wewe ukakaa kivulini."

Hakucheka, lakini alisoma ile karatasi. Tulidai turubai la kivuli kwa betri na kwa watu, sanduku jeupe lenye kuta nene lisilo na barafu, betri nne zaidi ili kila moja ipate saa ya kupoa, na daftari. Kila betri iandikwe namba kwa rangi ya kucha, na kila mruko uandikwe: namba, saa, imerudi na kiasi gani, ilikuwa na moto au la, na saini ya rubani. Saini hiyo tuliishikilia kuliko kitu kingine. Turubai, sanduku na daftari vilipatikana juma lile lile. Betri zilikuja mbili. Kijana alituambia kitu ambacho kimetukaa moyoni, kwamba sasa betri ina saa yake ya kupumzika imeandikwa kwenye daftari, yeye bado hana. Hilo tumeliweka katika madai yanayofuata.

Kuhusu makato, someni sheria za nchi mliko. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa makusudi ya mfanyakazi, na makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka mwajiri aeleze sababu kwa maandishi, ampe mfanyakazi nafasi ya kujitetea, na makato ya uharibifu yasizidi robo ya mshahara. Sudani Kusini ina Sheria yake ya Kazi ya mwaka 2017. Popote ulipo, usitie saini karatasi ya kukubali deni siku ile ile unapopewa. Sema utaisoma nyumbani, kisha uilete chamani.

Makato ya mwezi wa pili yalifutwa. Ya mwezi wa kwanza bado hayajarudishwa. Kila tukienda tunaambiwa mhasibu amesafiri. Kijana anaendelea na kazi, daftari la kwanza limejaa na la pili limeanza, na hakuna betri nyingine iliyovimba tangu hapo. Tutarudi kwa meneja mwisho wa mwezi. Yeyote aliyekatwa kwa sababu ya betri, iwe ya droni, ya simu ya upepo au ya bomba la dawa, alete karatasi yake ya mshahara na namba ya betri, na akumbuke ilikuwa ikichajiwa mahali gani na saa ngapi.