Mwandishi Anapogeuka Mpelelezi

Januari 1907, katika hoteli moja ya Charing Cross jijini London, Sir Arthur Conan Doyle alichelewa kufika kwenye miadi. Aliyemngoja, George Edalji, alikuwa ameketi akisoma gazeti. Doyle hakwenda kumsalimu papo hapo. Alisimama kando akamtazama: gazeti lilikuwa karibu limguse pua, tena amelishika upandeupande. Kabla ya Sherlock Holmes kumpa jina, Doyle alikuwa tabibu aliyesomea macho. Akatambua, hata hawajapeana mikono, kwamba mtu huyu hangeweza kukatiza mashamba na kuvuka reli usiku wa giza kwenda kumpasua farasi tumbo.

Kosa hilo ndilo lililompeleka Edalji jela. Alikuwa wakili mjini Birmingham, mtoto wa kasisi wa Great Wyrley, kijiji cha Staffordshire. Baba yake alikuwa Mparsi wa Bombay, mama yake Mwingereza. Mwaka 1903 mifugo ya huko ilianza kukutwa asubuhi imechanwa kwa kitu chenye makali, na barua zisizo na jina zikawa zinamtaja yeye. Mahakama ilimpa miaka 7 na kazi ngumu. Kasisi aliapa kwamba usiku ule mwanawe alilala naye chumba kimoja, mlango umefungwa kwa ufunguo. Hakusadikiwa. Baada ya miaka 3 George akaachiwa, bila kuambiwa kama ana hatia au hana, ndipo akamwandikia Doyle.

Doyle akaifanya mwenyewe kazi aliyozoea kumpa Holmes. Alikwenda kijijini, akaipita njia ambayo mshtakiwa alidaiwa kuipita. Alionyesha kuwa tope la kwenye viatu halikuwa udongo wa malisho yale. Nywele za farasi zilizoonekana kwenye koti? Koti hilo lilikuwa limefungwa pamoja na kipande cha ngozi ya mnyama aliyeuawa. Yote hayo aliyachapisha katika Daily Telegraph, na nchi nzima ikazungumza. Mwezi Mei serikali ikatoa msamaha, lakini ikashikilia kwamba barua zile Edalji aliziandika mwenyewe, hivyo hakulipwa fidia hata senti. Mwaka huohuo Uingereza ikaunda mahakama ya rufaa za jinai, na kesi hii ni mojawapo ya zilizoisukuma.

Julian Barnes aliyachukua mambo haya akayafanya riwaya, Arthur & George, iliyotoka mwaka 2005. Si ya kwanza kumvika mwandishi maarufu joho la mpelelezi. Tangu miaka ya 1940 Lillian de la Torre alikuwa akiandika hadithi ambamo Samuel Johnson, yule wa kamusi, anafumbua mafumbo huku rafiki yake Boswell akisimulia. Stephanie Barron alimpa Jane Austen kazi hiyo mwaka 1996; Gyles Brandreth akampa Oscar Wilde. Zinasomeka kwa raha. Ila nyingi humtumia mwandishi kama pambo: ukimwondoa Wilde na maneno yake matamu, polisi yeyote mwerevu angeweza kumkamata muuaji.

Barnes amechimba zaidi. Kwake, kipaji kilekile kinachomwokoa George ndicho kinachompotosha Arthur. Mtunzi hawezi kuiacha hadithi bila mwisho. Doyle hakuridhika kumwondolea George lawama. Alitaka pia kumtaja mkosaji, akamnyooshea kidole kijana mwingine wa eneo lile ambaye hakuwahi kushtakiwa kwa kosa hilo. Katika riwaya, George anausoma ushahidi huo kwa jicho la kiwakili na kuona unafanana mno na ule uliomfunga yeye: uvumi, vidokezo, na sifa mbaya ya mtu. Kwangu mimi hapo ndipo moyo wa kitabu ulipo. Anayejua kuona hajui kila mara kuhukumu, na msomaji aliyekuwa akimshangilia Sir Arthur anajikuta anamwogopa.

Sisi wa Kiswahili pia tunao urithi wa Doyle. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa na kiko chake, pamoja na mwenzake Najum, katika Mzimu wa Watu wa Kale, na ujamaa wake na Holmes haujifichi. Lakini Bwana Msa ni mtu wa kubuni. Bado hatujapata riwaya inayojulikana ambamo mtunzi wetu halisi ndiye anayepeleleza, na mali ghafi ipo tele. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, akafanya kazi Pangani. Jahazi zinashusha shehena, hati hazilingani na mizigo, na karani kijana anayejua kupima kila neno ameshika kalamu mbele ya mkubwa wa Kiingereza. Waandishi wa Kiswahili, andikeni riwaya hiyo. Na mtakapoiandika, mwacheni Shaaban akosee mahali.