Meza ya Nne Katika Sataranji

Watu wengi hudhani ya kuwa sataranji ni mchezo wa mtu mmoja mmoja. Lakini shule zinaposhindana, aghalabu kila shule hutoa wachezaji wanne, nao hupangwa mezani kwa kadiri ya ustadi wao. Ashindaye hupata alama 1. Wakitoka sare, kila mmoja hupata nusu. Basi meza ya nne, ambayo wanafunzi huidharau, ina thamani sawasawa na ya kwanza, nayo yaweza kuipa shule ushindi wa 2½ kwa 1½. Kwa hiyo yafaa chama cha shule kiwafundishe hata walio dhaifu. Nao wajue mapema kanuni moja kali: kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza huna budi kuicheza, hata kama malkia wako ataliwa. Wala mwenzako wa meza ya tatu haruhusiwi kukunong'oneza.