Uendelevu wa vyumba safi vya moduli

Chumba safi cha moduli ni chumba chenye hewa iliyochujwa, ambacho kuta, dari na mitambo yake hutengenezwa kiwandani kwa vipande, kisha huunganishwa mahali kinapotumika. Vyumba vya aina hii hutumika kutengeneza dawa, chanjo, vifaa vya tiba na vipuri vya kompyuta. Uendelevu wake wa kimazingira hupimwa kwa kuangalia maisha yote ya chumba: malighafi, usafirishaji, umeme wa kila siku na taka. Kwa kawaida mzigo mkubwa zaidi hutokana na umeme.

Viwango vya usafi

Chumba safi cha kisasa kilibuniwa na Mmarekani Willis Whitfield mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo usafi wa hewa hupangwa kwa madaraja ya kiwango cha ISO 14644-1. Chumba cha daraja la 8 kinaruhusiwa kuwa na chembe 3,520,000 zenye ukubwa wa mikromita 0.5 au zaidi katika kila mita ya ujazo; daraja la 7 ni 352,000, na daraja la 5 ni 3,520 tu. Kadiri daraja linavyokuwa kali, ndivyo hewa inavyopaswa kupitishwa mara nyingi zaidi katika machujio.

Matumizi ya umeme

Feni na mitambo ya kupoza hewa hutumia mara nyingi nusu au zaidi ya nishati yote ya chumba safi, kwa kuwa hufanya kazi usiku na mchana. Chumba cha moduli hakitofautiani na cha matofali katika jambo hili. Faida yake ni kwamba paneli zilizounganishwa vizuri kiwandani hazivujishi hewa kirahisi, hivyo feni hazilazimiki kufidia hewa inayopotea.

Njia kubwa ya kuokoa umeme ni kupunguza mwendo wa hewa pale usafi unapobaki ndani ya kiwango. Nguvu inayohitajika na feni hubadilika kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikipunguzwa kwa asilimia 20, hesabu ni 0.8 × 0.8 × 0.8 = 0.512; yaani umeme wa feni hushuka hadi karibu nusu. Kiwango cha ISO 14644-16 cha mwaka 2019 kinatoa mwongozo kuhusu matumizi bora ya nishati katika vyumba safi.

Malighafi na taka

Paneli nyingi zina mabati au alumini nje, na povu la plastiki au pamba ya mawe ndani. Zikifungwa kwa skrubu huweza kufunguliwa na kutumika tena kwingine. Zikigandishwa kwa gundi, metali na povu ni vigumu kutenganishwa. Machujio ya nyuzi za kioo hubadilishwa mara kwa mara na ni vigumu kuyarejeleza. Gesi za kupozea nazo huongeza joto la dunia zikivuja. Matumizi ya nyingi kati ya gesi hizo yanapunguzwa hatua kwa hatua chini ya Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa tarehe 15 Oktoba 2016.

Mfano wa Kigali

Katika mji huohuo, kampuni ya BioNTech ya Ujerumani ilianza ujenzi wa kiwanda cha chanjo mwezi Juni 2022. Badala ya kujenga vyumba safi papo hapo, ilivileta ndani ya makontena yaliyotengenezwa Ulaya. Ya kwanza yalifika Machi 2023, na kiwanda kikazinduliwa Desemba 2023. Njia hii hupunguza muda wa ujenzi na mabaki ya vifaa kwenye eneo la kazi, ingawa huongeza safari ndefu ya mizigo kwa meli na barabara.

Mazingira ya Tanzania

Katika maeneo yenye joto na unyevu, kama Kwamndolwa mjini Korogwe, hewa ya nje lazima ipozwe sana ili iache maji yake, kisha ipashwe joto kidogo kabla ya kuingia chumbani. Kazi hizi mbili hula umeme mwingi. Joto linalotolewa na mtambo wa kupoza linaweza kutumika kupasha hewa hiyo, na maji yanayodondoka yanaweza kukusanywa kwa matumizi mengine.

Chanzo cha umeme nacho kina uzito. Mtambo wa Hale wa megawati 21, katika Mto Pangani wilayani Korogwe, umekuwa ukizalisha umeme wa maji tangu mwaka 1964. Umeme wa namna hii hutoa hewa ukaa kidogo, lakini hutegemea mvua: ukame wa mwaka 2006 na 2011 ulileta mgawo wa umeme nchini. Chumba safi hakiwezi kuzimwa ovyo, kwa hiyo mgawo humaanisha kuwasha jenereta la dizeli.

Si kila kazi inahitaji chumba kizima. Uzalishaji wa miche ya mkonge kwa njia ya tishu, unaofanywa katika kituo cha TARI Mlingano wilayani Muheza, ni mfano wa kazi ambayo kwa kawaida hutumia kabati la hewa safi: eneo dogo juu ya meza ndilo huchujiwa hewa, na feni yake huzimwa kazi ikiisha.